Si Mjinga, Haoni Ubao

Ndugu wazazi, mtoto mwenye ualbino ana akili kama wenzake. Shida yake ni macho. Hayaoni vizuri mbali, na mwanga mkali huyaumiza. Akikaa nyuma darasani, haoni ubao. Sasa ataandika nini?

Nendeni mkaonane na mwalimu. Mwombeni haya:

1. Mtoto akae mbele, asielekee dirisha lenye jua.
2. Mwalimu asome kwa sauti anayoyaandika ubaoni.
3. Mtoto aruhusiwe kusogelea ubao, au anakili daftari la mwenzake.
4. Avae kofia na shati la mikono mirefu.
5. Kwenye mtihani apewe maandishi makubwa na muda zaidi.

Huo si upendeleo. Hapa Tanzania, sheria ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma. Mtoto akiacha shule kwa sababu ya mahali pa kukaa, hasara ni yetu sote.