Mshiko wa Gurudumu la Nyuma: Maarifa ya Gharama Nafuu kwa Bodaboda wa Migori na Homa Bay

1.0 Utangulizi
Usafiri wa bodaboda ulianza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, huko Busia, katika miaka ya 1960. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini ndogo, nazo zikaenea hadi vijijini. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, chombo hiki humbeba mwanafunzi, gunia la mahindi na hata mama mjamzito anayekimbizwa zahanati. Masika yanapoingia, udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa bonde la Lambwe, hugeuka utelezi. Hapo gurudumu la nyuma huzunguka pasi na kusonga, na abiria huanguka. Makala haya yanaeleza kiini cha tatizo hilo na namna ya kulipunguza kwa fedha kidogo.

2.0 Kiini cha Tatizo
Mshiko wa gurudumu hutegemea mambo mawili: uzito unaolikandamiza gurudumu na hali ya ardhi. Tuseme pikipiki, dereva na abiria wana kilo 250, na gurudumu la nyuma limebeba kilo 150. Juu ya lami kavu, gurudumu laweza kusukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 120. Juu ya tope laini, nguvu hiyo yaweza kushuka hadi kilo 30. Mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 8 huhitaji takribani kilo 31, hata kabla ya kuhesabu ukinzani wa matope yenyewe. Ndiyo maana injini hunguruma na chombo kisipande. Kuongeza moto hakusaidii, kwani kilichopungua ni mshiko wala si nguvu.

Ifahamike kwamba shokomzoba haiongezi uzito huo. Kazi yake ni kuuhifadhi: gurudumu linaporushwa na jiwe, springi hulirudisha chini, na mafuta yaliyomo ndani huzuia springi isiendelee kudunda. Gurudumu lililo hewani halina mshiko wowote.

3.0 Hatua za Kuchukua
Hatua ya kwanza haina gharama. Dereva akandamize sehemu ya nyuma ya pikipiki, kisha aiachilie ghafla. Ikipanda mara moja na kutulia, shokomzoba ni nzima. Ikidunda mara kadhaa, au mafuta yakionekana kwenye fimbo yake, imechoka; nazo hubadilishwa zote mbili kwa pamoja ili upande mmoja usilemewe.

Pili, springi nyingi zina ngazi za kurekebishia ukazo. Ukazo uongezwe panapokuwa na abiria au mzigo, na upunguzwe dereva anapobaki peke yake. Aghalabu wenye pikipiki huomba springi ngumu kupita kiasi, au huchomelea vyuma, wakidhani ugumu ndio uimara. Matokeo yake ni kinyume: pikipiki isiyo na mzigo hurukaruka na mshiko hupotea.

Tatu, gurudumu la nyuma liinuliwe na kusukumwa kushoto na kulia. Likicheza, bushi za mkono unaolishikilia zimelika, au beringi zake zimelegea. Bushi ni kifaa cha bei ndogo, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nne, tairi lililolika halikati tope. Tairi lenye meno makubwa, yaliyoachana, hujisafisha lenyewe linapozunguka. Upepo ukipunguzwa kidogo tairi hutandaa zaidi, lakini usishuke chini ya kiwango cha kiwanda; tairi huweza kuteleza kwenye rimu na kung'oa valvu ya mpira wa ndani.

Mwisho ni mkono wa dereva mwenyewe. Kuanza mwendo kwa gia ya pili na kuongeza moto polepole hulipa gurudumu nafasi ya kushika.

4.0 Tahadhari
Nchini Marekani, washindani wa mbio fupi za pikipiki za magurudumu manne hurefusha mkono wa nyuma na kukishusha chombo ili sehemu ya mbele isinyanyuke. Ufundi huo hufaa lami iliyonyooka. Barabarani vijijini, chombo kilichoshushwa hugota mawe, na kilichorefushwa huwa kigumu kukata kona.

5.0 Hitimisho
Vitabu vya maelekezo vya viwandani aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, ilhali gereji za Migori huwakutanisha Waluo, Wakuria, Wasuba na Waluhya, na Kiswahili huwaunganisha. Shokomzoba, springi, bushi na rimu ni maneno yaliyokwisha kuzoeleka katika vinywa vya mafundi. Kinachosalia ni kuyaandikia maelezo. Mtaalamu wa lugha atakayefanya kazi hiyo atakuwa ameihudumia lugha, na pia yule mama aliye njiani kuelekea zahanati.