Kisu, Karai na Kuni: Elimu ya Kukaanga kwa Haraka

Mpishi wa Kizota, katika Jiji la Dodoma, hupambana na mambo mawili. La kwanza ni uhaba wa kuni katika nyanda hizi kame. La pili aghalabu halitambuliwi: ni kimo cha nchi. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji huchemka yafikapo nyuzi 96 hivi za Sentigredi, wala si 100. Kwa hiyo chakula cha kuchemsha huchelewa kuiva kuliko Dar es Salaam, na kila dakika inayoongezeka hulipiwa kwa kuni au mkaa.

Yafaa basi kuchunguza upishi wa nyumbani wa Wachina. Kusini mwa China, mathalani katika Mto Zhujiang karibu na mji wa Guangzhou, familia nyingi ziliishi ndani ya mashua. Samaki na mboga vilipikwa kwenye majiko madogo na kuliwa papo hapo majini. Chombo chao kikuu ni karai la chuma chembamba, lenye kitako cha mviringo. Hata hivyo, siri ya upishi huo huanzia kwenye kisu.

Kazi ya kisu

Joto huingia katika chakula kutoka nje kuelekea ndani. Muda unaohitajika hufuata mraba wa unene. Kipande cha sentimita 2 kikipunguzwa kuwa sentimita 1, muda wa joto kufika katikati hubaki takriban robo. Kikifanywa nusu sentimita, hubaki sehemu moja tu ya kumi na sita. Ndiyo sababu samaki mzima, kama perege wa bwawa la Mtera, huchanjwa ubavuni kabla ya kukaangwa: chanjo huyafungulia njia mafuta ya moto.

Wagogo nao wanaifahamu kanuni hii. Majani ya mlenda yaliyokaushwa na kusagwa kuwa unga huiva kwa muda mfupi mno, kwani chembe zake ni ndogo.

Mafuta na maji

Mafuta katika karai huweza kupita nyuzi 180, kiwango ambacho maji katika sufuria ya kawaida hayakifikii kamwe. Aidha, kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji joto takriban mara saba ya lile lililotumika kuyachemsha. Sufuria inayotokota bila kifuniko, basi, hutupa kuni hewani.

Hasara nyingine ni ya afya. Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na joto la muda mrefu; mboga ikichemshwa sana na maji yake kumwagwa, sehemu kubwa ya vitamini hiyo hupotea. Magadi, ingawa hulainisha mboga, huongeza hasara hiyo. Kwa upande mwingine, mafuta kidogo, kama ya alizeti, huusaidia mwili kufyonza karotini ya mchicha na majani ya maboga, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho.

Utaratibu

Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, kisha zichujwe maji vizuri. Kila kitu kikatwe kabla ya moto kuwashwa. Karai na mafuta vikishapata moto, vianze vyakula vigumu kama karoti, majani yafuate, na chumvi iwe ya mwisho kwa sababu huvuta maji. Karai lisijazwe, likijazwa joto hushuka, na mboga hutokota katika maji yake zenyewe badala ya kukaangika.

Tahadhari

Si kila chakula kinafaa kupikwa hivi. Kisamvu kina kemikali zinazotoa sumu ya sianidi. Hakina budi kutwangwa na kuchemshwa vya kutosha. Maharage makavu, hasa mekundu, yana sumu inayoondolewa kwa kulowekwa na kuchemshwa barabara. Hapo kuokoa kuni si akiba, ni hatari. Kwa mchicha, kabichi, nyanya na vipande vyembamba vya nyama, kisu kikali huweza kupunguza mzigo wa kuni anaoubeba mama kichwani.