Bomba Kabla ya Plasta

Wengi wetu hapa Dar es Salaam tunajenga kidogo kidogo, na intaneti tunaikumbuka nyumba ikishapakwa rangi. Hapo ukuta hutinduliwa upya, na gharama ni ya mwenye nyumba.

Ushauri wangu ni huu: kabla ya plasta, fundi umeme alaze mabomba ya waya wa mtandao, mbali na nyaya za umeme, yote yakutane mahali pamoja. Waya wa shaba hufaa hadi mita 100, hivyo nyumba nzima hufikiwa.

Waifai pekee isitegemewe. Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi, lakini kuta huyadhoofisha kuliko yale ya 2.4. Kifaa chake kikae katikati ya nyumba.

Fedha ya waya haipo? Laza bomba lenye kamba ndani. Waya utavutwa baadaye.