PIKIPIKI YA MAGURUDUMU MANNE YAPANDA MILIMA YA MWESE

Ndugu msomaji, pikipiki ya magurudumu mawili unaijua. Kila siku unaiona ikibeba watu, magunia na hata mbuzi. Labda wewe mwenyewe umewahi kupanda mshikaki, watu watatu nyuma ya dereva mmoja. Lakini je, umewahi kuona pikipiki yenye magurudumu manne?

Mimi nimeiona, na nimeiendesha. Nilipanda nayo milima ya Mwese, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Nusura inipindukie. Leo nataka nikusimulie safari hiyo, kwa sababu siku moja wageni wanaweza kufika kijijini kwako na mashine kama hizi.

MASHINE YENYEWE

Pikipiki hii ina magurudumu manne manene yenye upepo mdogo. Kwa kuwa tairi zake ni laini, hushika vizuri mchanga, mawe na matope. Dereva hukaa juu yake kama mtu aliyepanda punda. Haongezi moto kwa kuzungusha mkono. Husukuma kijiti kidogo kwa kidole gumba. Ile niliyopewa mimi ilikuwa na uzito wa kilo 300 hivi, sawa na magunia matatu ya mahindi.

Kiti chake ni kirefu. Ukikiona utadhani ni cha watu wawili au watatu. Sivyo. Zipo chache zilizotengenezwa kwa watu wawili, lakini nyingi ni za mtu mmoja tu. Urefu wa kiti ni wa dereva kusogea. Akipanda mlima husogea mbele, akiteremka hurudi nyuma. Akiwa na abiria hana pa kusogea, na mashine hupinduka upesi. Kwa hiyo mshikaki hapa haupo.

Wajapani ni miongoni mwa walioanza. Mwaka 1970 kampuni ya Honda ilianza kuuza pikipiki ya magurudumu matatu ya kupita porini. Iliangusha watu wengi. Mwaka 1988 makampuni yalikubali kuacha kuiuza Marekani. Ile ya magurudumu manne ilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima wa Australia na New Zealand huitumia kuchunga ng'ombe na kondoo, kubeba nyasi na kuzungukia nyua zao. Huko nako imeua wakulima wengi kwa kuwalalia. Tangu Oktoba 2021, pikipiki mpya ya namna hii inayouzwa Australia lazima iwe na chuma kilichosimama nyuma ya dereva. Ikipinduka, chuma hicho huizuia isimponde.

Afrika Mashariki mashine hizi hutumiwa zaidi kuwatembeza watalii. Zipo Jinja nchini Uganda, karibu na mto Nile. Zipo pia Zanzibar.

TUNAONDOKA MPANDA

Ilikuwa mwezi wa Agosti. Wageni watatu walifika Mpanda na mtu aliyewakodisha pikipiki hizo. Walitaka kuona nchi ya milima. Mimi niliombwa niwaonyeshe vijiji, kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi. Nikapewa mashine moja. Ndugu msomaji, nilifurahi kama mtoto. Nimeendesha pikipiki za kawaida miaka mingi, nikadhani sina la kujifunza.

Kiongozi wetu wa njia alikuwa mzee mmoja wa Kitongwe. Umri wake umepita miaka sabini. Yeye hakupanda mashine ya wageni. Alikaa nyuma ya pikipiki ya kawaida iliyoendeshwa na mjukuu wake, panga mkononi, akatangulia mbele yetu.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, bwana shamba. Leo umepata farasi wa chuma?"

"Nimepata, mzee."

"Haya. Nikishuka mimi, na ninyi msimame. Hilo tu."

Kabla ya kuondoka tulifundishwa uwanjani kwa nusu saa. Tulivaa kofia ngumu, viatu virefu na glovu. Tuliambiwa tusishushe mguu chini hata kidogo. Mwenye pikipiki ya kawaida hushusha mguu ili asianguke. Katika mashine hii ukishusha mguu, gurudumu la nyuma linaukanyaga. Tuliambiwa pia tuache nafasi kubwa kati ya mashine na mashine, kwa sababu ya vumbi.

Vumbi la Agosti unalijua. Baada ya saa moja sote tulikuwa na rangi moja.

Tulipoingia katika misitu ya miyombo na mininga, wakaja mbung'o. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea, na hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha rangi hizo. Mgeni mmoja alivaa shati la buluu. Mgongo wake wote ulijaa mbung'o. Mzee alimpa kaniki? La, hiyo ingezidisha. Alimpa shuka lake kuukuu lenye rangi ya udongo, akajifunika, na mbung'o wakapungua. Usicheke sana. Mbung'o huleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Ukiumwa na mbung'o, kisha ukapata homa isiyoisha, nenda zahanati na useme kwamba uliumwa.

MLIMANI

Nchi ya Mwese ni ya juu na yenye ubaridi. Vilima hufuatana, na kila bonde lina kijito na msitu mwembamba wa kijani. Katika miaka ya 1960 wakimbizi kutoka Rwanda walipewa makazi huko. Jirani zao ni Watongwe na Wabende, wenyeji wa milima hii tangu zamani.

Kupanda mlima kwa mashine hii kuna taratibu zake. Weka gia ndogo kabla hujaanza kupanda. Inama mbele. Usiongeze moto ghafla, maana magurudumu ya mbele yatanyanyuka na mashine itakulalia kwa nyuma. Wakati wa kuteremka rudi nyuma kwenye kiti, uiache injini ikuzuie, na breki uikamate polepole. Kubaya zaidi ni kupita kwa ubavu wa mlima, upande mmoja juu na mwingine chini. Hapo ndipo nilipokosea.

Njia ilizunguka kilima. Mzee alishuka kwenye pikipiki, akaanza kutembea mbele akikagua. Wageni wote walisimama. Mimi nikaona kwamba nikikata moja kwa moja ubavuni nitafika upande wa pili kabla yao. Nilitaka kuwaonyesha kuwa bwana shamba naye ni dereva. Nikakata.

Nilikwenda hatua kama ishirini. Nyasi zilikuwa zimeungua, na chini yake kulikuwa na changarawe. Mashine ikaanza kuteleza kwenda bondeni. Gurudumu la juu likanyanyuka. Nikasikia sauti ya mzee:

"Geuza mdomo uangalie bonde! Lalia juu!"

Nikatupa mwili wangu wote upande wa juu, nikageuza usukani kuelekea bondeni. Gurudumu likarudi chini. Mashine ikateremka yenyewe, ikagonga kisiki cha mtundu, ikasimama. Mikono yangu ilitetemeka hata nikashindwa kuzima injini. Mjukuu wa mzee ndiye aliyeizima.

Nilimuuliza mzee amejulia wapi, naye hajawahi kuendesha hata baiskeli.

"Ni mkokoteni wa ng'ombe," alisema. "Ukipita ubavuni na mzigo, hupinduka vilevile. Nimepoteza maksai wawili kwa ujinga huo."

Nyuma yangu mlimani nilikuwa nimeacha mistari miwili, kama mtu aliyekwangua ngozi ya mnyama kwa kisu. Wakati ule sikuitazama sana. Nilifurahi kuwa mzima.

"MAGURUDUMU MWISHO HAPA"

Saa nane mchana tulifika kwenye kijito. Ng'ambo yake msitu mnene ulianza. Huko ndiko wanakoishi sokwe. Mzee alishuka, akachomeka panga lake ardhini.

"Magurudumu mwisho hapa," alisema.

Mwenye pikipiki hakukubali. Alisema wageni wamelipa pesa nyingi, na mashine zinaweza kuvuka maji. Ni kweli, zinaweza. Kijito kilikuwa cha magoti tu.

Mzee hakugombana naye. Alimshika mkono, akampeleka hatua chache pembeni. Mimi niliwafuata. Kulikuwa na korongo. Nilisimama ndani yake, kingo zikafika kifuani kwangu.

"Hii ilikuwa njia ya mkokoteni," alisema mzee. "Mimi nikiwa kijana tulipita hapa kuchota maji kwa mapipa. Njia ikafanya mfereji. Mvua ikaingia mfereji. Sasa ona."

Hapo na mimi nilisema lililo la kazi yangu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tena maji haya hayaishii pale kijijini. Ni katika nchi hii ya juu ndiko Mto Katuma unakopata maji yake. Wakulima wa mpunga huyatumia. Kisha mto unafika Sitalike na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Aliyepita Sitalike wakati wa kiangazi amewaona viboko wamelundikana katika dimbwi la matope, mmoja juu ya mwingine, kwa kukosa maji. Udongo unaoporomoka huku juu ndio unaojaza mto kule chini.

Mwenye pikipiki alinyamaza. Wageni wenyewe ndio waliomaliza shauri. Walivua kofia zao, wakasema watatembea.

Tulitembea saa mbili. Tuliona matandiko ya sokwe juu ya miti. Sokwe hutengeneza kitanda kipya cha matawi kila jioni, kwa hiyo mzee alijua ni kipi cha jana na ni kipi cha juma lililopita kwa kutazama majani yaliyonyauka. Baadaye tukasikia kelele zao, mbali, upande wa pili wa bonde. Hatukuwaona. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, alikaa kwenye jiwe akisikiliza, machozi yakimtoka. Injini zingekuwa zinanguruma tusingesikia kitu.

Katika Hifadhi ya Milima ya Mahale, jirani zetu wa Kigoma, hakuna hata barabara. Watalii hutoka nchi za mbali, hulipa pesa nyingi, na hutembea kwa miguu nyuma ya kiongozi. Hukaa na sokwe kwa saa moja tu, wamefunika pua na mdomo. Sokwe hupata mafua yetu, na mafua yanaweza kuwaua.

PESA ZILIKWENDA WAPI?

Tuliporudi kijijini jioni, mwenyekiti wa kijiji aliniuliza swali moja. "Bwana shamba, hawa wageni wamelipa kwa nani?"

Walikuwa wamelipa kwa mwenye pikipiki. Mzee alipewa chakula na pesa kidogo. Kijiji hakikupata kitu, hata taarifa ya safari hakikupewa. Hapo kosa lilikuwa langu pia. Mimi ndiye niliyewajua wote, na sikuwapitisha ofisini.

Jambo hili si dogo katika Wilaya ya Tanganyika. Wananchi wa huku wanajua kuwa msitu una thamani. Vijiji vinane vilianza kutunza msitu wa Ntakata na kulipwa kwa biashara ya hewa ukaa. Maana yake ni kwamba miti hunyonya hewa chafu itokanayo na moshi wa viwanda na magari, na makampuni ya nje hulipa ili miti hiyo isikatwe. Pesa hizo zimejenga madarasa na zahanati. Sasa mtu hawezi kuja na mashine, akauza safari ya kuuona msitu huohuo, akaondoka kimya.

Mwezi uliofuata mkutano wa kijiji uliitishwa. Vijana walitaka pikipiki zije, kwa sababu wageni huleta pesa. Akina mama walikataa, kwa sababu wao ndio wachotao maji. Walibishana hadi jua likazama. Mwishoni walikubaliana kuwa mashine zitapita barabara ya zamani tu, zitasimama kwenye uwanja wa shule, na kutoka hapo wageni watatembea na kiongozi wa kijiji. Malipo yatafanyika ofisini, kwa stakabadhi. Kiasi cha malipo hawakukubaliana. Mpaka ninaandika haya, bado wanabishana.

Mvua za kwanza zilinyesha Novemba. Mwezi wa Desemba nilipanda tena kile kilima, kwa miguu, nikiwa na rula. Ile mistari niliyoiacha Agosti ilikuwa imekwisha kuwa mifereji. Mmoja ulikuwa na kina cha sentimita 9, mwingine sentimita 14. Mzee na mjukuu wake walinikuta nikipima. Mzee hakusema neno. Aliweka panga chini, akaanza kukusanya mawe.

Tulipanga mawe kukinga mifereji, mstari baada ya mstari, kila hatua tatu. Kati yake tukapanda mabua ya matete. Kazi ilituchukua siku mbili, na bado upande wa chini haujakamilika.