Sanduku Limejaa, Fomu ya Afya Je?

Mtoto anayetoka Khwisero kwenda shule ya bweni huenda akafika langoni akiwa na malaria ambayo hata yeye hajui anayo. Khwisero iko Kaunti ya Kakamega, katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako malaria haikatiki mwaka mzima. Uchunguzi wa kitaifa wa 2020 ulikuta vimelea katika damu ya asilimia 19 ya watoto wa ukanda huu, ilhali kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 6. Walioongoza hawakuwa watoto wachanga, bali wale wa miaka 10 hadi 14.

Sababu ni kwamba mtoto anayeumwa na mbu tangu utotoni hujenga kinga ya nusunusu. Mwili hauvimalizi vimelea, ila unavidhibiti vibaki vichache hata homa isipande. Sasa mchukue mtoto huyo umpeleke Nyeri au Limuru. Wiki ya pili, akiwa na uchovu wa ugeni na usingizi mchache, homa inapanda. Muuguzi wa kule, ambaye malaria huiona kwa nadra, anampa dawa ya mafua na kumrudisha darasani. Kwa kawaida homa ya malaria huanza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo mbu wa Khwisero anaweza kumwangusha mtu Nyeri. Sentensi moja humwokoa: “Sista, nimetoka sehemu ya malaria, naomba nipimwe.” Mfundisheni kuisema.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Mtoto wa Nairobi anayeletwa Mwihila au Butere hana kinga hiyo hata kidogo, na homa yake inaweza kugeuka kuwa malaria kali kwa siku moja au mbili. Huyo alale ndani ya neti yenye dawa tangu usiku wa kwanza, hata kama kuifunga kwenye kitanda cha ghorofa ni kazi.

Haya yote yangepata nafasi kwenye fomu ya afya inayokuja na barua ya kujiunga na shule. Lakini fomu hiyo hujazwa usiku wa mwisho, kwenye taa hafifu, baada ya mchana mzima wa kununua sanduku, godoro, ndoo na kufuli pale Khumusalaba au Luanda. Panapoulizwa kama mwanafunzi ana ugonjwa wowote, mzazi anaandika “Hapana”. Wengine huandika hivyo wakijua si kweli, kwa kuogopa mtoto atakataliwa au atachekwa.

“Hapana” hiyo ni nzito hasa kwa mtoto mwenye selimundu. Magharibi mwa Kenya na Nyanza ndiko ugonjwa huu ulikoenea zaidi nchini, na chanzo ni malaria hiyohiyo: anayerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali, hivyo jeni hiyo imedumu katika koo zetu kizazi baada ya kizazi. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Seli zake nyekundu hujikunja, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Vinavyochochea hali hiyo ni baridi, kukosa maji mwilini, kuchoka kupita kiasi na maambukizi. Maisha ya bweni yana vyote vinne: kuoga maji baridi alfajiri, mbio za mchakamchaka, kiu ya darasani, mafua ya domu nzima. Mwalimu wa zamu asiyejua atamwona mvivu anayekwepa mbio. Anayejua atamruhusu maji moto, atamwacha atembee na chupa yake ya maji na atahakikisha amemeza dawa zake za kila siku. Pumu na kifafa ni vivyo hivyo. Hata kukojoa kitandani, jambo ambalo hubaki kwa takriban kijana mmoja kati ya mia, lina matibabu, na matroni akijua mapema anaweza kulishughulikia bila aibu ya hadharani.

Tumbo ndilo huonja ugeni kwanza. Kakamega haijasahau Aprili 2023, shule ya wasichana ya Mukumu ilipofungwa baada ya mamia ya wanafunzi kuugua na baadhi yao, pamoja na mwalimu, kufariki. Wizara ya Afya ilitaja bakteria wawili, E. coli na Salmonella typhi, anayesababisha homa ya matumbo. Mwezi huohuo Butere Boys, majirani wa Khwisero, nayo ilifungwa kwa ugonjwa wa kuhara. Bakteria hawa hutoka kwenye kinyesi cha binadamu na kuingia mdomoni kwa njia ya maji, chakula au mikono. Nyumbani kosa moja la usafi huigusa familia moja. Shuleni tangi ni moja, sufuria ni moja, na wanaokula ni mia kadhaa.

Kwa homa ya matumbo ipo chanjo. Julai 2025 serikali iliitoa bure nchini kote, dozi moja, kwa watoto wa miezi tisa hadi miaka 14. Kundi la kwanza la Gredi ya 10, lililoingia sekondari ya juu Januari 2026, lilikuwa palepale ukingoni mwa umri huo: wengine walichanjwa, wengine walikuwa wametimiza 15 wakapitwa. Mzazi asiyekumbuka aulize kituo cha afya kilicho karibu. Hata hivyo, chanjo haizuii E. coli. Maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya klorini, na sabuni kabla ya kula, bado havina mbadala, na mzazi ana haki ya kuuliza shule maji yake yanatoka wapi na yanatibiwaje.

Upele nao una ujanja wake. Anayeupata kwa mara ya kwanza haanzi kujikuna hadi wiki nne au sita baadaye, na muda huo wote anaambukiza. Kwa hiyo dawa ikipakwa mtu mmoja ni kazi bure. Kitanda cha juu, cha chini na cha jirani vitibiwe siku moja.

Kuhusu usingizi, nitasema waziwazi: kengele ya saa kumi alfajiri ni fahari ya mwalimu mkuu kuliko faida ya mwanafunzi. Kijana anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, na katika umri huu ubongo huchelewa kutoa homoni ya usingizi, ndiyo maana hawezi kulala mapema hata akilazimishwa. Wakati wa kulala ndipo ubongo hupanga na kuhifadhi alichosoma kwenye prepu. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zilitenga saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuwa muda wa kulala.

Inabaki mawazo ya nyumbani, ambayo wazazi wengi huyaita utoto. Hayo huumiza mwili kweli: hamu ya kula hupotea, tumbo huuma, na kwa wasichana hedhi inaweza kuchelewa au kukosa miezi kadhaa kwa sababu msongo hupunguza kasi ya homoni zinazoiongoza. Mama asikimbilie shutuma. Mwanasaikolojia Mmarekani Christopher Thurber, mtafiti wa mawazo ya nyumbani kwa watoto walio mbali na kwao, hushauri mambo mawili ambayo Khwisero inayaweza bila gharama. Kwanza, mtoto azoeshwe kulala mbali kabla ya siku yenyewe. Likizo kwa senje (shangazi) au kwa nyanya yatosha. Pili, asiahidiwe kwamba “ukishindwa nitakuja kukuchukua”, kwani ahadi hiyo humfanya ahesabu siku za kushindwa.

Watu wengi waliofungiwa pamoja huweza pia kuambukizana hofu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, Tanzania, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kujizuia. Hadi shule ilipofungwa Machi 18, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa na hali hiyo, na madaktari hawakukuta sumu wala kijidudu. Oktoba 2023 wasichana wa Eregi, humuhumu Kakamega, walipelekwa hospitalini kwa makumi wakishindwa kutembea, miguu ikitetemeka, na maafisa wa elimu wakataja hofu ya mitihani. Mtu wa namna hii haigizi. Dalili ni za kweli, ila chanzo kimo katika ubongo uliolemewa, na umati unaomzunguka huku simu zikimrekodi humzidishia. Apimwe kwanza, kisha apelekwe mahali patulivu mbali na wenzake.

Kwa hiyo, wazazi, barua ikifika, fomu ya afya ijazwe mchana, mtoto akiwa amekaa kando yenu. Andikeni ugonjwa, dawa na kipimo chake, chanjo alizopata na nambari mbili za simu zinazopatikana. Nakala moja mpeni matroni mkononi.