Jakuzi Linavuja? Msichimbe Pale Panaporowa

Kila mwaka joto likishapungua, kuanzia Novemba hivi, majakuzi yanafunuliwa: kwenye nyua za Seeb na Al Khoudh, kwenye istiraha za Barka, na kule juu Jabal Akhdar ambako usiku wa Januari baridi huweza kufika sifuri. Hapo ndipo malalamiko yanapoanza. Maji yamepungua, sakafu imerowa, fundi kaja, fundi kaondoka, na maji bado yanapungua.

La kwetu tulilinunua likiwa limeshatumika, kwa ajili ya bi mkubwa. Anaumwa na magoti, na robo saa ndani ya maji ya moto humsaidia kulala usiku. Msimu uliopita maji yakaanza kushuka sentimita 2 kwa siku, na kifuniko kipo juu wakati wote, kwa hivyo si jua lililokuwa likiyanywa. Hesabu yake si ngumu. Jakuzi la mita 2 kwa mita 2, kila sentimita 1 ni kama lita 40. Basi kwa siku tulikuwa tunamwaga lita 80, tena maji yaliyokwisha kupashwa moto kwa umeme.

Fundi wa kwanza aliona kona ya upande wa jikoni imerowa, akafungua paneli na kuchimba povu pale pale. Hakuona kitu. Wa pili akachimba kona ile ile, akaongeza shimo, halafu akatwambia bora tulitupe tununue jipya. Bi mkubwa akasema, "Basi wanangu, msijipe tabu. Nitajikanda kwa maji ya ndoo kama zamani." Maneno hayo ndiyo yaliyotutia uchungu, maana tulijua ndoo anaibeba mwenyewe.

Makosa ya mafundi wale wawili yalikuwa mamoja. Majakuzi ya aina hii, nyuma ya bakuli unalokalia, paipu zote zimezikwa ndani ya povu gumu la kuzuia joto lisipotee, lile linalopulizwa likavimba kisha likaganda. Povu hilo lina kazi mbili nzuri: linatunza joto na linazishika paipu zisitikisike. Lakini linaficha. Maji yakitoka kwenye kiungo, hayadondoki hapo hapo. Yanapita baina ya povu na bakuli, au yanaifuata paipu, mpaka yafike chini, kisha yanafuata mteremko wa sakafu. Na nyua zetu, kama mnavyojua, zimepewa mteremko kuelekea tundu la kutolea maji. Kona inayorowa ni ile iliyo chini kabisa, hata kama panapovuja ni upande wa pili.

Kabla ya kugusa chochote, umeme uzimwe kwenye swichi kuu ya jakuzi. Kuzima kwa vitufe vya juu hakutoshi, kwani hapo ndani kuna umeme wa volti 240 na wewe umekaa juu ya maji.

Kisha anza na chumba cha pampu, ambako huna haja ya kuchimba kitu. Uvujaji mwingi unatokea humo: sili ya shafti ya pampu, oringi za viungo vinavyofunguka kwa mkono kwenye pampu na hita, au koki ya kutolea maji. Pangusa kila kitu kwa kitambaa, weka karatasi za tishu chini ya viungo, rudi baada ya saa moja na tochi. Sisi tuliona karatasi kavu zote. Hapo ndipo ukajua tatizo limo ndani ya povu.

Tukaweka alama ya penseli kwenye usawa wa maji, umeme ukiwa umezimwa, tukangoja saa 24. Sentimita 2. Tukajaza tena, tukawasha pampu, tukangoja saa 24 nyengine. Sentimita 5. Maji yakipotea zaidi pampu zikifanya kazi, basi tafuta kwenye paipu zinazosukuma maji kwenda kwenye matundu ya kukandia.

Jambo la tatu linataka subira. Zima kila kitu (pampu isizunguke bila maji, itaungua) na uache maji yashuke mpaka yasimame yenyewe. Yanaposimama ndipo usawa wa panapovuja. Ya kwetu yalichukua siku sita, yakasimama chini kidogo ya safu ya pili ya matundu. Tukajua kimo, ikabaki kujua upande. Tukajaza maji sentimita chache juu ya alama, tukayaacha yatulie, tukachukua rangi ya biriani iliyokorogwa kwa maji ndani ya sindano isiyo na ncha. Tone moja mbele ya kila tundu. Kwenye mengine rangi ilining'inia tu. Kwenye tundu moja ikavutwa ndani kama uzi: upande wa barazani, mbali kabisa na jikoni, nyuma ya kiti anachokaa bi mkubwa.

Povu tulilitoa kwa mikono na kisu butu, kidogo kidogo. Msitumie msumeno wala kisu kikali, kwani ndani mna paipu laini na waya. Povu lililoloa linajitambulisha: zito, laini, na lina harufu ya uvundo. Nyuma ya tundu, gundi ya kiungo ilikuwa imeachia.

Hapa wengi wanakwama dukani. Majakuzi mengi ya Marekani yana vipimo vya inchi. Paipu yao ya inchi 2 ni milimita 60.3 kwa nje, na ya Ulaya iliyo karibu nayo ni milimita 63. Kwa macho ni sawa, kwa gundi haziingiani. Nenda na kipande ulichokata mkononi.

Tulikata, tukasafisha, tukapaka gundi ya PVC, tukaiacha siku nzima ikauke. Kuna dawa za kumimina majini zinazoziba zenyewe. Kwa ufa mwembamba huenda zikafaa, lakini kiungo kilichoachia hazikiwezi.

Msiharakishe kurudisha povu. Tuliacha wazi wiki moja, pampu zikifanya kazi, feni ikikausha pembeni. Povu la kopo lipulizwe tabaka kwa tabaka, maana likijazwa kwa mara moja la ndani haligandi, na likivimba sana linasukuma paipu.

Wenye nyumba Jabal Akhdar wana la ziada: kumwaga maji hakutoshi, yanabaki kwenye mikunjo ya paipu na yakiganda yanapasua. Yafyonzwe kwa mashine ya kufyonza maji.

Paneli ya upande wa barazani mpaka leo tumeifunga kwa skrubu nne tu. Bi mkubwa kila akitoka anainama, anapapasa sakafu kwa kiganja, halafu anaitisha taulo.