Kiapo cha Frimasoni
Frimasoni, ambao hapa kwetu uvumi umewafanya waabudu shetani, nchini Uingereza hawampokei asiyemwamini Mungu. Hawaulizi anasali wapi. Katiba ya Frimasoni iliyoandikwa na James Anderson mwaka 1723 tayari ilimkataa mkana Mungu, na sababu, naona, ni kiapo: asiye na Mungu ataapa kwa nani? Ndiyo maana huwekwa Biblia, Kurani au kitabu kingine kitakatifu, kwa kufuata dini ya anayeapa. Mwaka 1877 Grand Orient de France, chama cha Frimasoni wa Ufaransa, iliondoa sharti la kumwamini Mungu kwa ajili ya uhuru wa dhamiri, na Waingereza wakakata uhusiano. Wafaransa wana hoja, maana waumini wangapi huvunja viapo! Lakini sharti halidai kwamba muumini ni mkweli zaidi. Linataka tu kila anayeapa awe na shahidi anayemtambua mwenyewe.